Mlio wa Stata Nisiousikia

Ukiitiwa gari lililogoma kuwaka, mwanangu, usikimbilie spana. Nyamaza kwanza. Waombe na waliokuzunguka wanyamaze, mwambie dereva azungushe ufunguo, kisha wewe sikiliza. Karibu yote unayotaka kuyajua utaambiwa hapo hapo. Nasema haya mimi, Fundi Shabani, niliyeshika umeme wa magari hapa Morogoro tangu ndevu hazijaota mpaka zikawa nyeupe. Na nasema kwa aibu, kwa sababu hiyo kazi ya kusikiliza ndiyo iliyonishinda mbele za watu, tena msibani, tena msiba wa mama aliyenilisha.

Nitafika huko. Ngoja nianze na solenoidi yenyewe, maana usipoijua hutaielewa aibu yangu.

Stata ni mota. Kazi yake ni moja tu, kuizungusha injini mpaka iwake. Sasa mota ile inakula umeme mwingi, na ukiupitisha umeme wote ule kwenye swichi ya ufunguo, swichi itaungua siku hiyo hiyo. Ndiyo maana juu ya mgongo wa stata kuna kidude cha duara, kama kopo dogo la maziwa. Hicho ndicho solenoidi. Ndani yake kuna koili ya waya, na katikati ya koili kuna chuma kinachocheza mbele na nyuma, tunakiita plenja. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakuja kwa ule waya mwembamba, koili inageuka sumaku, plenja inavutwa. Ikivutwa inafanya kazi mbili kwa mpigo. Upande huu inausukuma uma unaoiingiza gia ndogo ya stata, bendeksi, kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Upande wa pili inaibana sahani ya shaba kwenye vichwa vya bolti mbili nene. Sahani ikishagusa, umeme mzito wa betri unapita na mota inazunguka. Ile "tak" unayoisikia ndiyo plenja inafika mwisho wa safari yake.

Kwa hiyo ukisikia kimya kabisa, maana yake umeme mdogo haujafika. Tafuta kwenye swichi, fyuzi, ule waya mwembamba umechomoka au umeota kutu, au koili yenyewe imekatika. Ukisikia "tatatata" kama mtu anatetemeka meno kwa baridi ya Mgeta, usiifungue stata, utajisumbua bure. Betri imechoka, au vichwa vya betri vimelegea vimejaa unga mweupe. Ukisikia "tak" moja nzito halafu basi, na taa zinawaka vizuri, umeme mdogo umefika na plenja imevutwa. Hapo mwizi wako mara nyingi ni ile sahani na zile bolti, zimeungua, zinagusana lakini hazipitishi. Au kaboni za mota zimekwisha. Sasa chukua hii uiweke moyoni: fundi anayechanganya kimya na "tak" moja atafungua gari zima na ugonjwa ataupita.

Kuna ugonjwa wa nne, huo unachekesha ukiwa si gari lako. Gari limewaka, umeachia ufunguo, na stata bado inalia. Sahani imegandana na bolti. Nilipata gari la mfanyabiashara wa karanga wa Gairo lililofanya hivyo palepale sokoni. Yule bwana alizima, akachomoa ufunguo, akashuka, akakaa mbali na gari akiliangalia linavyolia lenyewe bila ufunguo. Alikuwa na hakika ametupiwa kitu. Nilichomoa waya wa betri, likanyamaza, naye akanitazama kama mganga. Sikumkatalia. Nilikuwa kijana, na sifa ni tamu.

Ufundi huu nilifundishwa na Mzee Kobelo, Mluguru wa Matombo aliyekuwa na gereji yake kule Mji Mpya. Alikuwa mtu wa maneno machache na makofi machache zaidi, lakini yakija unayakumbuka. Mara ya kwanza kunipa gari peke yangu, nilimwambia mteja betri yake imekufa, akaenda akatafuta nyingine, tukafunga, na gari likasema "tak" vilevile. Mzee Kobelo hakunigombeza mbele ya mteja. Alinivuta mkono, akaulaza juu ya solenoidi na wa kwake juu ya wangu, akamwambia mteja azungushe. Nikahisi kile chuma kinavyopiga chini ya vidole. "Sikio lina kelele nyingi za kusikiliza," akasema. "Mkono una hii moja tu." Tulifungua kifuniko, tukazigeuza bolti upande ambao haujaungua, tukaipiga sahani msasa, gari likawaka. Siku hizi hamfanyi hivyo, najua. Mnachomoa stata nzima mnafunga nyingine ya mtumba kutoka Dar. Siwalaumu, mteja hana muda. Lakini mkikwama huko Kisaki msituni, hakuna duka la stata.

Mkewe Mzee Kobelo, Mama Apolonia, ndiye aliyekuwa akitupikia pale gereji. Mimi ni Mwislamu, na Ramadhani alikuwa akiniwekea futari yangu pembeni imefunikwa, ingawa yeye alikuwa wa kwenda misa kila Jumapili bila kukosa. Mzee alitangulia zamani. Mama alifariki mwaka huu, na huo ndio msiba ninaousema.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo hata mke wangu nilimficha. Masikio yangu yamekufa. Hayakufa siku moja. Yameliwa na injini, majenereta na mashine za kusaga chuma, maana zamani nani alikuwa anaziba masikio kazini? Ukiziba, unaitwa bibi harusi. Ilianza na sauti nyembamba, ndege, simu, mlio wa sindano kuanguka. Halafu maneno ya watu wakinong'ona. Nikajifunza kumtazama mtu mdomo na kukisia. Na nikajifunza neno moja linalofaa maswali mengi: ndiyo. Umelala salama? Ndiyo. Mvua imenyesha huko? Ndiyo. Nimewahi kumjibu mjukuu wangu ndiyo, kumbe aliuliza kama aichukue simu yangu akaichezee. Niliona afadhali simu iharibike kuliko kusema sisikii. Fundi aliyesifika kwa masikio, aseme hasikii?

Basi. Mama Apolonia alikuwa na dada yake mkubwa, Bibi Valeria, kule Matombo. Miguu imemwisha, mlima hashuki. Aliposikia mdogo wake amefariki aliomba kitu kimoja tu: wasimfunike moja kwa moja mjini, wamfungulie jeneza akifika juu, amwone uso mara ya mwisho. Melania, binti wa marehemu, akamwahidi. Lakini kule mochwari wakamwambia wazi, mtu huyu akishatoka hapa na joto hili, ni leo leo. Ikipita leo, jeneza halifunguliwi tena.

Kwa hiyo siku ile kila mtu alikuwa anatazama milima. Uluguru ilikuwa bado iko wazi asubuhi, ila mawingu yalikuwa yanaanza kukaa mgongoni mwake, na kila mtu wa huku anajua mvua ikishuka ule mto wa njiani haupitiki. Sala ya pale nyumbani ilifanywa kwa haraka. Jeneza likapandishwa kwenye Kanta, lori dogo la kukodi. Dereva, kijana mmoja anaitwa Sudi, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari halikuwaka.

Mimi nilikuwa nimekaa na wazee chini ya turubai. Niliona tu vichwa vinanigeukia. Melania akaja, macho mekundu, akasema nikimtazama mdomo, "Kaka Shabani, Mungu si Athumani, wewe upo." Nilisimama, na sitawaficha, nilisimama kwa kiburi. Nilikuwa nimestaafu, sijaitwa kwa muda, na umati wote ule ulikuwa unanipisha njia.

Nikasimama mbele ya Kanta, nikanyanyua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza. Nikamwashiria Sudi azungushe. Akazungusha. Kimya. Nikamwashiria tena, nikainamisha kichwa kama nilivyokuwa nikifanya enzi zangu, macho nimefumba. Kimya. Nikasema kwa sauti, "Umeme haufiki. Hii ni swichi."

Nilimwona Sudi ananitazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilidhani anashangaa ufundi.

Sasa kwenye msiba huo walikuwepo watani wetu, Wanyamwezi, na kiongozi wao alikuwa Mama Kulwa, jirani wa marehemu kwa miaka mingi. Nyie mnaujua utani wa msibani. Mama Kulwa alikuwa amevaa kitenge cha marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama marehemu na kugombeza watu kwa sauti ya marehemu. Wafiwa wanalia, hapo hapo wanacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Akaja mpaka usoni kwangu, fimbo inanigusa kifua, akanipigia kelele, na hiyo niliisikia: "Shabani mwanangu, inagonga hiyo! Umekuwa kiziwi?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikamjibu kwa nguvu ili wote wasikie, "Lala, mama, wewe umeshakufa. Waachie wazima kazi yao." Kicheko kikazidi. Niliona nimejibu vizuri.

Kumbe ndiye mtu pekee aliyeniambia ukweli. Ilikuwa inagonga. "Tak" moja nzito, kila mara, uwanja mzima ulikuwa unaisikia. Sudi aliisikia, Melania aliisikia, wazee wenzangu waliisikia. Hao wengine walinyamaza kwa adabu, nani amsahihishe Fundi Shabani kwenye stata? Aliyesema alisema akiwa mtani, na neno la mtani msibani hakuna anayelibeba kwenda nalo nyumbani. Lakini mimi nilipaswa kulibeba. Ndani ya kifua changu kuna kitu kilishtuka aliposema kiziwi. Nikakifunika kwa mzaha.

Vijana wakasema tulisukume. Uwanja ule ni mtelemko na gari lilikuwa limeingia kwa pua, ukuta uko mbele, ingekuwa kulirudisha nyuma kwa kupandisha. Kazi ngumu lakini vijana walikuwa wengi, wangeweza. Nikasema hapana, mtalisukumaje gari lina marehemu kama mnasukuma gunia la mpunga, hii ni swichi tu, kazi ya mara moja. Mjomba wa Melania akasema akatafute gari jingine stendi. Nikamwambia asijisumbue. Haya maneno yote niliyasema mimi, kwa mdomo wangu.

Nikaifungua swichi. Nikakata waya, nikaunganisha moja kwa moja. Hakuna. Nikaurudisha waya wa swichi, nikafuata fyuzi, nikazisafisha moja moja kwa kisu. Hakuna. Nilikuwa natibu ugonjwa wa kimya kwenye gari lenye ugonjwa wa "tak". Jasho lilinitoka mpaka kwenye miwani. Kila nilipoinua kichwa, mlima ulikuwa umepungua, mawingu yameteremka mpaka yakaifunika misitu yote, na Melania amekaa kwenye ubao wa Kanta, mkono juu ya jeneza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Mwisho nikaingia chini ya gari kuufuata ule waya mwembamba mpaka kwenye stata. Nimelala chali, nikashika solenoidi ili nijivute. Sudi, sijui nani alimwambia, au alikuwa amechoka kunisubiri, akazungusha ufunguo. Chuma kikapiga chini ya kiganja changu.

Nikaacha mkono palepale. Nikapiga kelele, "Tena!" Kikapiga tena. Nzito, nzima, plenja inafika mwisho kabisa. Nikakumbuka mkono wa Mzee Kobelo, na mkewe alikuwa amelala hapo juu yangu ndani ya sanduku, mbao tu na chuma cha gari vimetutenganisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilibaki chini pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, naangalia miguu ya watu. Niliuona ukingo wa kitenge cha marehemu na ncha ya fimbo, Mama Kulwa amesimama, hachechemei tena.

Dawa ilikuwa nyepesi. Nikachukua nyundo ndogo, nikamwambia Sudi ashikilie ufunguo, nikaipiga solenoidi mgongoni. Kule ndani ile sahani ikasogea kidogo, ikapata sehemu isiyoungua. Stata ikazunguka, injini ikawaka. Muda wa kupiga nyundo ni muda wa kupiga chafya. Na nyinyi mkifanya hivyo, hakikisheni gia iko huru na breki ya mkono imekazwa, na msilizime tena gari mpaka mmefika pa kulifungulia stata, maana hiyo si dawa, ni kutuliza maumivu.

Nikatoka chini. Watu wakaniombea heri, mzee mmoja akanipangusa vumbi mgongoni. Sudi akauliza ilikuwa nini. Na mimi, nimetoka kuhisi ukweli kwa kiganja changu, nikasema, "Ile swichi. Ilikuwa na hila." Nilipokea pole na asante. Mama Kulwa alivua kitenge cha marehemu, akakikunja, akampa Melania.

Mvua tuliikuta njiani. Tulipofika kwenye mto maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya matofali, yanabeba migomba mizima. Madereva wawili walikuwa wamesimama pale, wakatuambia aliyetutangulia amevuka muda si mrefu, magurudumu tu yaliloa. Muda si mrefu. Nilikuwa nimeusoma vizuri mdomo wa aliyesema hivyo na nikatamani nisingejua kusoma midomo. Tulikaa upande huu wa maji mpaka kesho yake yaliposhuka.

Matombo, wazee na padri walikutana kidogo nje ya nyumba, kisha wakaamua kama ilivyotabiriwa kule mochwari. Jeneza halikufunguliwa. Bibi Valeria aliletewa kigoda, akakaa kando ya sanduku lililofungwa, akawa anapapasa kifuniko mahali alipodhani uso upo. Alikuwa amekosea upande, pale palikuwa miguuni. Melania akamsogeza mkono taratibu mpaka kichwani, na hapo ndipo watu wazima wakatoka nje.

Tulimzika kando ya mama yake, kama alivyotaka. Baada ya mazishi nikaenda kwa Bibi Valeria kumpa pole. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Shikamoo mama. Pole sana." Akanishika mkono, akaniuliza kitu. Anaongea chinichini, tena Kiluguru cha mlimani, na meno hana, mdomo wake hausomeki. Nikafungua kinywa niseme ndiyo, kama kawaida yangu.

Sikuweza. Macho yake yalikuwa yanasubiri jibu la kweli. Nikasema, "Mama, sisikii. Masikio yangu yamekufa." Nilisema kwa sauti kubwa, maana viziwi hatujui sauti zetu, na watu wote wa uani wakageuka. Sudi alikuwepo. Mama Kulwa alikuwepo.

Melania akainama sikioni kwangu, akanipigia kelele: "Anauliza, mdogo wake alisumbuka njiani?"

Nikamtazama Bibi. "Alisumbuka, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemsumbua. Gari lilikuwa linasema na mimi sikusikia, na niliona aibu kuuliza." Melania akamfikishia kwa Kiluguru, yote, sikumwona akipunguza. Bibi Valeria hakuuachia mkono wangu wala hakuuvuta karibu, aliushika tu vilevile, akageuka kuutazama mlango jeneza lilikotolewa. Mpaka leo sijui nimesamehewa au alisahau kuniachia.

Stata ya lile Kanta niliifungua mwenyewe juma lililofuata. Bolti zilikuwa nyeusi, sahani imelika kama sarafu ya zamani. Nilizigeuza, nikapiga msasa, nikamwonyesha Sudi kila hatua. Sasa hivi naombwa niwafundishe vijana wa gereji mbili tatu, na nawafundisha, ila nawaeleza kwanza habari hii, ili asiwepo wa kuninyamazia tena kwa adabu.

Kwa hiyo mkimwita mzee kwenye gari lenu, mwamkieni, mpeni kigoda, kisha muulizeni kama ameusikia ule mlio. Akiwajibu ndiyo haraka haraka, msimcheke na msimwamini. Mshikeni mkono, muwekeeni kiganja juu ya solenoidi, halafu zungusheni ufunguo tena.